Aliyesoma Udongo wa Goli

Sikuwahi kumwona akitazama mechi hata moja. Kila nikilisema hili watu hudhani natia chumvi. Mtu aliyechora mistari ya uwanja wetu wa Ruiri kwa miaka yote niliyocheza pale, mtu aliyejua ni wapi nyasi zimekonda na ni wapi fuko amechimba, aligeuka akatupa mgongo mara tu refa alipopuliza kipenga cha kuanza. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nyuma ya goli la upande wa mlima, akichambua maharagwe na kuwatazama kondoo wake wawili. Uwanja ukilipuka kwa kelele, aliuliza bila kugeuza shingo:

"Limeingia goli gani?"

Akishajibiwa, aliguna, akaendelea na maharagwe yake.

"Si ugeuke uone mwenyewe, mzee?" mashabiki walimtania.

"Nione nini? Nyinyi mnatazama mpira. Mpira ni mwongo, unaenda kila mahali unatumwa. Mimi nitatazama mkienda nyumbani."

Tulimwita Mzee wa Chokaa. Viatu vyake vya mpira vilikuwa vyeupe hadi kwenye kifundo cha mguu, na nyusi zake zilibeba unga wa chokaa hata siku za Jumapili. Kanisani, ukitaka kujua alikaa benchi gani, ulitazama sakafu.

Nilikuwa kipa. Timu yetu ilikuwa ya kulipwa, ngazi ya chini kidogo ya ile kubwa, na ilihamia Ruiri kwa sababu uwanja wa mjini ulikuwa ukikarabatiwa kwa muda ambao haukuisha. Tulikuta uwanja wa udongo mwekundu kwenye magoli na nyasi ngumu katikati, upepo wa kutosha, na mzee huyu ambaye salamu yake ya kwanza kwetu ilikuwa onyo.

"Muga," akatuamkia kwa Kimeru. "Mtu akitema mate kwa mstari wangu, atalamba."

Alikuwa mchoyo wa chokaa kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua. Aliikung'uta kutoka kwenye kopo lenye matundu kama mama anayetia chumvi kwenye mboga ya mkwe. Lakini winga wetu alipovunjika mguu, ni yeye aliyempelekea kondoo mzima hospitalini, akabishana na mlinzi langoni kwamba mgonjwa hawezi kupona kwa uji peke yake. Alisema hapendi mpira. Alisema wachezaji ni mbuzi waliovaa soksi. Hata hivyo, ungemwuliza juu ya kipa yeyote aliyewahi kusimama kwenye magoli yake, angekuambia anaruka vizuri upande gani, na mguu gani unamsaliti.

Naomba nieleze kidogo kazi yenyewe, kwa sababu wengi wetu hukuta mistari tayari na kudhani imeota. Alikuwa na kamba ya katani aliyoisokota mwenyewe, yenye mafundo. Fundo la kwanza lilikuwa la boksi dogo la goli, la pili la alama ya penalti, la tatu la boksi kubwa. Wachoraji wengine huanza na mistari ya pembeni. Yeye alianza na alama ya penalti, tena hakuiweka mpaka nahodha wa wageni ashuke kwenye basi, aje ashike ncha ya kamba kwenye mstari wa goli, huku yeye akitembea na ncha ya pili. Wageni walikasirika. Nahodha mmoja kutoka Nairobi, akiwa bado na vipokea sauti masikioni, alimwambia:

"Mzee, tumekuja kucheza. Hatukuja kupima shamba."

"Kwani kwenu shamba linapimwa na mtu mmoja? Kwetu jirani lazima ashike kamba. Akishika, kesho hataniambia nimeiba. Shika, kijana, usinicheleweshe."

Nahodha alishika. Wote walishika, mwishowe.

Siku moja mvua ilikatiza mazoezi, nikajibanza naye katika kibanda chake cha mabati. Nikamwuliza kwa nini anajisumbua, na vipimo vinajulikana dunia nzima. Alishika fundo la pili la kamba yake, lile la penalti.

"Niliwahi kusogeza hiyo alama," akasema. "Hatua moja tu, karibu na goli. Mwenyekiti wa timu ya wakati huo aliniomba. Alijua penalti itatafutwa, na nilijua anajua. Alinipa kilo ya miraa na kunipigapiga begani. Kipa wa wageni alifungwa. Aliangalia ile alama, akaangalia miguu yake, akahesabu hatua kimoyomoyo. Nilimwona. Alijua, lakini hakuwa na mtu wa kumwambia. Nasikia hakucheza tena."

"Na ndiyo maana hutazami mechi?"

"Nilitazama hiyo moja. Inatosha."

Desturi yake ya pili ilituchekesha zaidi. Wakati wa mapumziko, sisi tukinywa maji, yeye aliinuka kwenye ndoo, akachukua ufagio wa vijiti, akafagia mbele ya magoli yote mawili mpaka udongo ukawa laini kama unga, kisha akarudishia chokaa palipofutika. Alifanya vivyo hivyo ukingoni mwa boksi kubwa, palipokuwa na upara. Mashabiki walimpigia makofi: "Mzee anapiga deki! Mzee, umesahau kutandika kitanda!" Alifagia tu.

Mechi ikiisha na watu wakitawanyika, alianza kile alichokiita kusoma. Alitembea polepole, mikono mgongoni, akitazama chini. Siku nyingine aliniita. "Kuja uone ulivyodanganya leo." Akanionyesha. Kipa anayeruka kwa dhati, alisema, hupiga hatua fupi kwanza, kisha huchimba kwa upande wa ndani wa mguu. Hubaki shimo, na udongo wa shimo hilo hutupwa nyuma, kinyume cha alikokwenda. Kipa anayejiangusha tu huacha alama ya goti, halafu ya paja, bila shimo. "Hapa ulijiangusha," aliniambia mara moja, nami nikaona haya, maana ilikuwa kweli. Mpira ule nilikuwa nimekwisha kuukatia tamaa. Nilijifunza ukipa kwake kuliko kwa kocha yeyote, kutoka kwa mtu ambaye hakuwahi kuniona nikidaka.

Mabeki nao aliwasoma. "Anayekimbia huacha ncha ya kiatu. Anayengoja huacha kisigino." Nilidhani ni falsafa ya mzee mwenye muda mwingi. Nilikosea.

Sasa nifike kwenye mechi ile.

Watu wengi hufikiri kuuza mechi ni kukubali kushindwa. Siku hizi si lazima iwe hivyo. Mtu aliye mbali sana anaweza kuweka dau kwa simu kwamba mabao yatakuwa mengi, au kwamba yataingia kipindi cha pili, na hajali nani ameshinda. Anachohitaji ni mchezaji mmoja au wawili wa kuufungua mlango kwa wakati uliokubaliwa. Huwatafuta wale ambao hawajaona mshahara kwa miezi, na sisi tulikuwa hao.

Alhamisi ya wiki ile, mtu mwenye kofia nyeupe alinikuta hotelini Kianjai, nikinywa chai na chapati. Aliketi mezani pangu bila kuomba. Alisema kwa upole kwamba Jumamosi kipindi cha pili nisijichoshe sana. Nilimwambia atafute kipa mwingine, nikaacha chapati yangu nusu nikaondoka. Hapo nilifanya vyema. Kosa langu lilikuja baadaye. Sikumwambia mtu yeyote. Nilijiambia kwamba kukataa kunatosha.

Jumamosi tulikwenda mapumziko tukiongoza moja bila. Kipindi cha pili nikasimama kwenye goli la upande wa mlima, na mabao matatu yakaingia ndani ya muda mfupi. Kila mara mshambuliaji alitokea peke yake mbele yangu, kana kwamba mabeki wetu wameitwa nyumbani. Niliruka. Nakumbuka kila mruko. Lakini kipa akifungwa mara tatu, hakuna anayekumbuka kwamba aliruka.

Kabla sijavua glavu, picha ilikuwa imeshafika kwenye simu za mashabiki: mimi na mtu wa kofia nyeupe, chai katikati yetu, Kianjai.

"Umetuuza kwa chapati!" mtu alinifokea. Mwingine akadakia, "Na hakumaliza hata hiyo chapati!" Watu walicheka kicheko kibaya. Mwenyekiti wetu alinisimamisha palepale uwanjani. Akasema Jumatatu mpelelezi wa shirikisho atakuja, na kwamba kosa kama hilo ni kufungiwa maisha. Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Sikuwa na kazi nyingine mikononi, wala jina lingine.

Nilipoinua macho, nilimwona Mzee wa Chokaa. Alikuwa amesimama, ndoo imeanguka kando, maharagwe yamemwagika. Alikuwa amegeukia uwanja.

"Wewe kipa," akaniita. "Kuja hapa. Usikanyage mbele ya goli, zunguka."

Nikazunguka.

"Bao la tatu nilisikia ukianguka. Ulianguka kama gunia la viazi likitupwa kutoka kwa lori. Mtu ambaye ameuza mechi haanguki hivyo, anaogopa kuumia." Akainama, akatazama udongo kwa muda mrefu. Kisha akasema maneno ambayo sijayasahau: "Enda nyumbani ulale. Mimi niko na barua yako hapa."

Mawingu yalikuwa yanashuka kutoka mlimani. Mzee alikimbia nyumbani kwake, hatua mia mbili hivi, akarudi akiburuta turubai la bluu. Nyuma yake alikuja mkewe, mama mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde.

"Wewe mzee! Hilo turubai ni la maharagwe! Maharagwe yangu yaoze kwa sababu ya miguu ya kipa?"

"Maharagwe utapanda tena. Huyu mtoto wa watu atapandwa wapi?"

Mama alinitazama. Nadhani nilionekana vibaya, kwa sababu alishika upande wa pili wa turubai. Walilitandika juu ya vijiti, lisiguse udongo, wakalibana kwa mawe. Mzee akarudi na magunia ya kufunikia ukingo wa boksi kubwa. Mvua ilinyesha jioni ile, na maharagwe yalikaushwa jikoni, juu ya vitanda na juu ya kabati, mama akimlaani mumewe kwa kila punje.

Jumapili ilikuwa na kizingiti chake. Kanisa lilikuwa limeomba uwanja kwa mkutano wa injili, na pasta alifika na hema, viti na vipaza sauti. Mzee, ambaye alikuwa shemasi wa kanisa hilohilo, alisimama mbele ya goli na ufagio.

"Shemasi, unazuia neno la Mungu?" pasta aliuliza.

"Sizuii, Pasta. Nalinda neno moja dogo la ukweli lisikanyagwe. Lako ni kubwa, linaweza kuhama mpaka upande ule wa kona."

Hema likahamia upande wa kona. Pasta, ambaye alikuwa mtu mwema, alibadilisha mahubiri yake, akahubiri juu ya nyumba iliyojengwa mchangani. Waumini walitazama turubai la bluu wakati wote.

Mpelelezi aliyekuja Jumatatu alikuwa mama mmoja mkimya, mwenye viatu vya heshima na faili. Alikuwa na ile picha na video ya mechi, iliyopigwa kutoka upande wa pili wa uwanja, ambamo wachezaji walionekana kama siafu. Mwenyekiti alikuwepo, na kocha, na wachezaji wote. Nilieleza habari ya hotelini. Aliandika. Uso wake haukuniambia kitu.

Mzee akaomba nafasi. Mwenyekiti akacheka: "Mama, huyu ni mtu wa chokaa tu."

"Basi tuone chokaa," mama akajibu.

Turubai likainuliwa. Chini yake kulikuwa na ardhi ya Jumamosi kama ilivyokuwa. Mzee alieleza taratibu, kama mwalimu wa darasa la kwanza. Kwamba alifagia wakati wa mapumziko, na uwanja mzima ulimwona na kumcheka, kwa hiyo kila alama pale ni ya kipindi cha pili. Kwamba kiatu changu cha kushoto kilikuwa na jino moja la mraba, ambalo fundi wa mjini Maua alilikata kwenye tairi, kwa hiyo unyayo wangu hauwezi kuchanganywa na wa mtu. Niliagizwa kuinua mguu. Niliinua. Jino lilikuwepo.

"Sasa tazama hapa. Shimo la kwanza. Udongo umetupwa huku, yeye ameenda kule. Shimo la pili. La tatu hili, refu kama kaburi la paka. Na hapa vidole vimekata mstari wa chokaa. Alikuwa anatafuta mpira kwa kucha, mama."

Mama mpelelezi alichuchumaa, viatu vya heshima kwenye tope. Aliingiza kidole kwenye shimo la tatu. Kilizama chote.

"Na huko mbele?" akauliza.

Mzee alifunua magunia. Kwenye ukingo wa boksi kubwa, pale washambuliaji walipopita, palikuwa na nyayo za njumu kubwa, mbili pamoja, zimetulia. Visigino tu. Karibu nazo ncha za viatu vya mshambuliaji zilikuwa zimepita mbio, mara tatu, hatua moja tu kando.

"Mtu alisimama hapa," mzee alisema. "Akangoja. Siwezi kusema ni nani, mimi sikutazama mechi. Lakini kila mtu anaweza kuweka mguu wake aone."

Hakuna aliyesogea. Kisha Kinoti, beki wetu wa kati, mtu niliyeshiriki naye chumba katika kila safari, alitazama zile nyayo kama anayetazama picha yake mwenyewe. Mzee hakumnyooshea kidole. Alimsogelea, akasema kwa sauti ya chini ambayo hata hivyo sote tuliisikia:

"Kijana, mimi niliwahi kusogeza alama ya penalti. Nimebeba hiyo hatua moja mpaka leo. Ni nzito. Weka chini."

Kinoti akaketi palepale, akafunika uso. Akasema yote: mtu wa kofia, beki mwenzake aliyeingia naye, na ile picha, ambayo mtu wa kofia aliisambaza kunilipiza kwa kukataa. Mama mpelelezi aliandika kurasa nne. Baadaye alirudia video yake akitazama miguu badala ya mpira, na kila kitu kilikuwa pale.

Jina langu lilisafishwa kwa barua, nami nikapewa onyo kwa kunyamaza, ambalo lilikuwa haki. Mabeki wawili walifungiwa miaka. Timu ilikatwa pointi, ikashuka daraja, na kwa msimu mzima tulicheza mbele ya mbuzi na watoto wa shule. Msimu uliofuata tulipanda tena. Siku hiyo mashabiki walewale walimwinua Mzee wa Chokaa mabegani, naye akawapigia kelele wamshushe, wanakanyaga mstari. Mkewe alipewa turubai jipya, kubwa mara mbili. Na nasikia sasa viwanja kadhaa vya upande wetu vina desturi ya nahodha mgeni kushika kamba, na hakuna anayejua ilianzia wapi.

Jambo moja zaidi. Kinoti, wakati wa kufungiwa kwake, hakuweza kukaa mjini kwa aibu. Asubuhi moja tulimkuta uwanjani na ufagio. Mzee alisema tu, "Huyu anajua kisigino kinavyoonekana. Atafagia vizuri."

Nilimwona mzee mara ya mwisho mwaka huu. Siku hizi nafundisha makipa Embu, na timu yetu ya wanawake ilikuja Ruiri. Aliyeshuka uwanjani kuchora alikuwa Kinoti, nyusi nyeupe, kopo mkononi. Mzee alikuwa kwenye ndoo yake, mgongo kwa uwanja, kondoo wengine mbele yake. Macho yamekwenda, haoni tena. Nilipomsalimu aliinamisha kichwa, akasikiliza hatua zangu.

"Umebadilisha viatu," akasema. Kisha: "Leo wewe ni mgeni. Mwambie nahodha wako akuje ashike kamba."

Nahodha wetu ndiye kipa wetu, msichana mrefu wa Runyenjes. Alishika ncha bila kuuliza, nilikuwa nimeshamweleza. Mzee alipitisha kamba vidoleni, fundo kwa fundo, mpaka akatosheka.

Tulifungwa kwa penalti, dakika za mwisho. Penalti ya haki, alama mahali pake, mpira wa chini kabisa kando ya mlingoti. Msichana wangu alikaa golini akilia, mashabiki wawili watatu wakaanza kupiga miluzi kwamba ameuza. Nilitaka kumwendea. Mzee alinishika mkono.

"Nipeleke mimi kwanza."

Nikamwongoza, tukizunguka, tusikanyage. Alipiga magoti mbele ya goli, akapapasa udongo kwa viganja vyote viwili, polepole, kama mtu anayetafuta yai ndani ya kiota. Mkono wake ukapata shimo. Ukaingia. Akapima kina chake, akafuata udongo uliotupwa nyuma, kisha akanyoosha mkono wa pili kuelekea mlingoti, mpaka vidole vyake vikagusa mahali ambapo vidole vingine vilikuwa vimekata chokaa.

Akatabasamu. Nadhani ndiyo mara pekee niliyowahi kuona meno yake yote.

"Kinoti!" aliita, kwa sauti iliyonyamazisha miluzi. "Leta turubai!"

Kisha akageukia upande ambako kilio kilitoka. "Na wewe, binti, acha kulia. Kuja uweke mkono hapa, uone vile umeruka."